Flashi ya Redio ya Papa

Mimi ni mtu wa kupanga vitu, na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Ofisini, ninakopiga chapa barua za wakubwa, kila karatasi ina folda yake na kila folda ina jina lake. Nyumbani kwetu Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, hata vijiko vina upande wao na miiko upande wao. Mdogo wangu hunicheka, husema nilizaliwa nimeshika muhuri. Namwacha acheke. Mama alipofariki, vitu vyake vyote nilikabidhiwa mimi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kwangu havitapotea.

Mama alifia Yanonge kwa dada zake, alikokwenda kwa wiki mbili akakaa tatu. Homa ilimshika ghafla. Sisi tulipopata habari tulikimbilia bandarini tukapanda baleinière, lile boti refu la mbao linaloshuka mto likiwa limejaa watu na mizigo, na tulipofika tulimkuta yumo kwenye jeneza tayari. Nilikasirika. Nilikasirikia boti, nikamkasirikia nahodha aliyesimama njiani kupakia mkaa, nikamkasirikia hata mama mwenyewe kwa kutotungoja. Siku mbili baada ya mazishi, nikiwa nimesimama mahali penye mtandao, simu yangu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwake. Aliutuma kabla homa haijamlaza, ukachelewa njiani kama mambo mengi yanavyochelewa huko. Ulikuwa wa dakika moja na sekunde arobaini, na chini yake aliandika: kwa papa yenu.

Nilitaka kuusikiliza palepale. Dada yake mkubwa akanishika mkono.

"Hapana, mwana. Sauti ya mutu ya kufa, hatusikie mbele ya kutoa matanga. Utamurudisha njiani. Ngoja mwaka ipite, tutakaa wote chini, tutamusikia pamoja."

Kutoa matanga ni siku ile ukoo unapokutana kuvua nguo nyeusi, kula pamoja na kumruhusu kila mtu arudi kwenye maisha yake. Kwa upande wa mama desturi hiyo haichezewi. Nami, jinsi nilivyo, nikipewa sheria huishika kuliko aliyeitunga.

Papa aliuliza mara moja tu.

"Na mimi? Si mimi njo alitumia?"

"Papa, tungoje. Mwaka si kitu," nilimjibu, kwa kinywa kikubwa kana kwamba mimi ndiye mzazi.

Niliuhamishia ujumbe ule kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ambayo wakati huo mwalimu mpangaji wetu naye aliitumia, pamoja na picha zake, nikaviweka katika folda niliyoiita MAMA. Kisha nikaufuta kwenye simu, makusudi kabisa, nisije nikashawishika siku ya huzuni. Simu ya mama yenyewe ilipotea kule kule msibani, katikati ya watu. Picha nilizipa majina, moja baada ya nyingine. Faili la sauti tu sikulipa jina. Nililiacha na tarakimu zake ndefu kama lilivyokuja, kwa sababu niliona si langu. Papa mwenyewe angelipa jina siku ya kulisikiliza.

Papa ni mstaafu wa reli. Miaka yake yote iliishia kwenye njia ya kwenda Ubundu, na mpaka leo husema "tuko mbele ya saa" au "tumechelewa" hata kama safari ni ya kwenda chooni. Mwaka ule alikuwa na rafiki mmoja, redio yake ndogo yenye tundu la flashi. Mdogo wangu, muuguzi kule Opala, alimletea flashi nzuri ikiwa na nyimbo za kwaya ya parokia yetu, zipatazo arobaini. Kila alasiri papa alitoa kiti chake barazani, akaweka redio mapajani, akasikiliza. Nikirudi kazini nilimkuta anaizima. Nilidhani anaona haya kwamba nyimbo ni zile zile kila siku, nikamtania kwamba hata malaika wamezichoka. Alicheka kidogo, akaificha redio chini ya kiti.

Siku tano kabla ya kutoa matanga, kompyuta yangu ilikataa kuwaka. Skrini ilibaki nyeusi, na juu yake mstari mmoja mweupe wa Kiingereza uliosema, kwa kadiri nilivyoelewa, kwamba hakuna kitu cha kuwashia. Niliizima, nikaiwasha. Nilitoa betri, nikaipuliza, nikairudisha. Niliipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mstari ule ukabaki pale pale, na mimi nikakaa chini sakafuni nikalia kwa hasira, kwa sababu dada wa mama walikuwa wameshaanza kukausha samaki wa karamu na kila mmoja alikuwa akiniulizia sauti ya ndugu yake.

Asubuhi iliyofuata niliomba ruhusa kazini. Niliifunga kompyuta katika plastiki na juu yake kitenge, nikaivusha mto kwa mtumbwi nikiwa nimeikumbatia, kisha nikapanda toleka, baiskeli zetu za abiria, mpaka mjini kwa fundi mmoja ambaye watu wote humwita Ingénieur. Ana kibanda cha mbao karibu na soko, meza moja, kompyuta yake moja, na sanduku la vyuma ambalo hamwachii mtu yeyote. Nilimwambia kabla hajanyoosha mkono kwamba mashine hailali kwake. Nimesikia habari nyingi za mashine zilizolala kwa mafundi zikaamka zimepungua viungo.

"Hakuna shida, maman. Kaa hapa, uangalie na macho yako," alisema, na hakuonyesha kuudhika.

Aliiwasha, akasoma ule mstari.

"Mashine inatafuta système, haiione. Donc tutatengeneza flash bootable. Ni flash yenye système ndani yake. Mashine itaamkia kwa flash, hapana kwa tumbo lake. Ikiisha kuamka, tutaingia kwa mulango ya pembeni, tutatosha vitu vyako, kisha njo tutaweka système mupya."

"Vitu vyangu havitafutika?"

"Ya ndani ya mashine, hapana. Ya kwa flash, ndiyo, yote. Leta flash ya giga nane, ya muzuri. Usinunue zile za pale sokoni, zinadanganya. Inasema makumi tatu, ukiweka mbili inakufa."

Yeye mwenyewe alikuwa nayo moja, lakini mteja aliiazima akaondoka nayo kwenda Banalia. Nilirudi nyumbani nikapekua kabati. Nilikuwa na flashi mbili, zote za giga nne, na moja iliyovunjika mdomo. Nikaikumbuka ya papa. Siku ya pili asubuhi, papa alipokwenda kwenye mkutano wa wastaafu wenzake pale stesheni, niliichomoa kwenye redio. Sikumwomba. Nilijua angekubali, na nilijua pia angeuliza maswali, nami sikuwa na majibu. Nilipanga niirudishe kabla hajarudi, nyimbo zake zikiwa zote ndani.

Ingénieur ana sheria mbili za kazi, na aliniambia zote mbili kabla ya kuchomeka flashi. Ya kwanza, hakopi kwenye mashine yake faili ambalo mwenyewe hawezi kulitaja ni la nini. Virusi viliwahi kuingia hivyo vikala kazi za mwisho za wanafunzi wengi, na wazazi wao walikuja kibandani. Ya pili, pale mashine inapouliza kama ifute au isifute, yeye habonyezi. Anabonyeza mwenye mali.

"Kwa sababu watu wanalia kisha wanasema ni mimi," alieleza.

Nilimpenda kwa sheria zile. Nilijiambia, hatimaye nimempata mtu anayefanya kazi kama mimi. Alifungua flashi, majina yakajipanga kwenye skrini. Akaanza kuniuliza, jina kwa jina, kidole chake kikishuka.

"Hii?"

"Ya kwaya."

"Hii?"

"Ya kwaya pia, ile ya Pasaka."

Juu kabisa, kwa kuwa mashine hutanguliza tarakimu mbele ya herufi, palikuwa na faili moja lisilo na jina, tarakimu tupu. Alilirudia mwishoni.

"Na hii ni nini, maman?"

Nililitazama. Nasema kweli, nililitazama. Flashi za watu huwa na takataka nyingi za simu, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi mtumbwi kabla papa hajarudi.

"Sijui. Labda uchafu wa simu."

"Kama hauijue, kwangu haiingie."

"Iache," nikasema.

Alikopi nyimbo. Kisha akafungua kijiprogramu kidogo, akachagua faili kubwa la mfumo, akachagua flashi, na dirisha likatokea likiwa na maneno ya Kifaransa kwamba kila kilichomo kitaharibiwa. Chini yake, OK ya kukubali na Annuler ya kughairi. Akageuza kibodi upande wangu, akakunja mikono yake kifuani. Nilibonyeza OK bila hata kukaa sawa kwenye benchi.

Mstari wa kijani ulianza kutembea. Ulifika katikati, umeme ukakatika. Tukangoja jirani wa mashine ya kusaga awashe jenereta yake na kutugawia waya, tukaanza upya, nikabonyeza OK mara ya pili. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Nilinunua karanga, nikamgawia Ingénieur. Mstari ulipojaa, alichomoa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yangu, akaiwasha huku kidole chake kikigonga kitufe kimoja cha juu kwa haraka, na skrini ambayo siku tatu ilikuwa nyeusi ikawa ya buluu. Vidoti vyeupe vikazunguka. Ikauliza lugha, ikauliza kibodi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka.

Akaingia kwa ule mlango wake wa pembeni ili atoe folda yangu. Orodha ya madiski ilifunguka. Ilikuwa tupu. Akaisukuma ijitafute upya, ikabaki tupu. Akafungua tumbo la mashine kwa bisibisi, akaitoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake kwa waya, akainama akaweka sikio.

"Sikiliza, maman."

Niliinama pia. Ndani yake kulikuwa na kitu kinagonga, kikinyamaza, kikigonga tena.

"Disque yenyewe imekufa. Hapana système. Système haikukuwa na kosa."

"Basi tufanye nini?"

"Miye hapana. Kinshasa kuko batu, wanafungua disque ndani. Labda. Miye nikifungua, ni kuharibu tu."

Nilikaa pale mpaka karanga zikaisha, kana kwamba nikiendelea kukaa ataikumbuka njia nyingine. Mara mbili nilimwambia ajaribu tena, na mara mbili alijaribu, kwa huruma tu. Sikuwa na mtu wa kugombana naye. Alinirudishia flashi ikiwa safi na nyimbo zote ndani yake kwa mpangilio, akakataa kuchukua chochote kwa kazi iliyoshindikana. Nilivuka mto, nikaichomeka flashi kwenye redio ya papa. Alipofika nilikuwa nakata pondu, majani ya muhogo ya mboga.

Jioni ile papa hakutoa kiti barazani. Wala siku zilizofuata. Dada wa mama walikuwa wameanza kuwasili, nyumba ikajaa, na yeye alijishughulisha na kuazima viti na turubai. Nilimwambia habari za kompyuta akiwa ameinama anahesabu viti. Aliinuka akanitazama, na badala ya huzuni niliyoingojea, nilimwona anataka kutabasamu. Nikadhani ni uchovu.

"Diski nitaituma Kinshasa," nilisema. "Lakini kwa siku ile haitawahi."

"Bon. Usiogope," alisema, akarudi kwenye viti vyake.

Siku ya kutoa matanga tulivua nguo nyeusi, tukavaa kitenge kimoja cha buluu ukoo mzima. Mdogo wangu alifika kutoka Opala akiwa amevimba miguu kwa safari ya pikipiki. Hakumzika mama, habari ilimkuta mbali mno, na mwaka mzima alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba anachongoja ni dakika ile moja na sekunde arobaini. Tulikula lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki. Kisha dada mkubwa wa mama akapiga makofi kutunyamazisha, akanigeukia.

"Mwana, saa imefika. Leta ndugu yangu."

Nilisimama nikawaambia. Nilisema diski imekufa, nilisema Kinshasa, nilisema labda. Mdogo wangu hakulia. Alinitazama tu kama mtu aliyeibiwa na polisi. Ndugu wa mama wakaanza kunung'unika, mmoja akasema ndiyo matokeo ya kuweka watu kwenye mashine. Hapo papa akainuka. Alikuwa anacheka kabisa.

"Musilie. Mimi niko naye."

Akaingia ndani, akatoka na redio.

"Yaya anisamehe," alimwambia dada mkubwa wa mama, akimwita kama tunavyowaita wakubwa wetu. "Miye niliiba. Yule mwalimu alikuwa anapanga kwetu, yule alihamia Ubundu, alikuwa anatumika na mashine ya mwana. Nilimuomba aniwekee ndani ya flash. Nilimwambia: weka nyimbo tatu, kisha yeye, kisha zingine. Kama treni, mutu asifike gare hajajitayarisha. Mwaka yote namusikia. Kila siku, saa tisa."

Watu wakapiga vigelegele. Dada mkubwa wa mama akajifanya kukasirika, akashindwa, akacheka na kujipangusa macho. Mdogo wangu akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakagusa ya papa. Papa akabonyeza, na wimbo wa kwanza ukaanza.

Niliziona zile tarakimu. Niliziona juu kabisa ya orodha, na kidole cha Ingénieur juu yake, na kinywa changu kikisema iache. Ningeweza kusema palepale. Wimbo wa kwanza ulikuwa na beti nne. Kila ubeti nilijiambia ukiisha nitasema, ukaisha, nikaukuta mwingine. Katika wimbo wa pili ndugu wa mama wakaanza kuitikia, kwa sababu waliujua. Mdogo wangu alifumba macho. Nilimwomba Mungu umeme wa betri ukatike, redio ianguke, mvua inyeshe. Jua lilikuwa kali na betri ilikuwa mpya. Wimbo wa tatu ulipofika mwisho, papa aliinua kidole, na uwanja wote, hata watoto, ukanyamaza.

Ngoma za wimbo wa nne zikaanza.

Papa aliishika redio, akaitikisa kidogo.

"Nilihesabu mubaya," alisema. "Ngojeni."

Akairudisha mwanzo. Watu wakakaa tena. Hapo ndipo nilipopata miguu. Nilipita katikati yao, nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikasema karibu na sikio lake, wimbo ukiendelea.

"Papa, ni mimi. Nilichukua flashi yako kwa ajili ya mashine. Nilifuta."

Hakugeuka.

"Yote?"

"Nyimbo nilizirudisha. Yeye tu."

Nilitaka anipige, au anifukuze, chochote. Aliuacha wimbo wa kwanza uishe, na wa pili, mkono wake mmoja ukiwa juu ya kichwa changu bila uzito wowote. Wa tatu ulipoisha, alibonyeza redio ikazima. Kisha akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti yake nzito ya stesheni, maneno ya mama.

"Papa ya batoto, mulango ya nyuma usifunge na waya, funga na muti. Waya utakukata. Chemise yako ya kaki iko chini ya malle ya nguo, usiseme imeibwa. Bata iko nalalia mayai, usimuondoshe. Nitakuja na baleinière ya siku ya tatu. Ukuje weye mwenyewe unipokee ku port, usitume mutu."

Wakacheka, kwa sababu alikuwa ni mama kabisa, hata ile amri ya bata. Mdogo wangu alicheka huku machozi yakimdondoka kwenye kitenge kipya. Papa hakucheka. Alikuwa ametulia, ameinamisha kichwa, midomo ikienda bila sauti, anarudi nyuma kwenye maneno na kuanza tena.

"Hapa," alisema, "kisha ya bata, kuko neno moja alisema, akacheka. Miye sikuishika. Nilijua kesho nitasikia tena."

Akanitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyouliza ofisini mahali karatasi ilipowekwa.

"Wewe njo unachunga vitu yetu yote. Alisema nini pale?"

Watu wote walinigeukia. Nikawaambia sijui. Nilikuwa na sauti ile mwaka mzima, na sikuwahi kuisikiliza.